Gari Lisilopiga Kelele

Kitu cha kwanza Nyota alichokiona ni kuku wake, akitoka chini ya gari jekundu na kujikung'uta mabawa kama karani anayetoka ofisini. Kuku alikunywa maji ya dimbwi, akadonoa makombo ya mikate ambayo Nyota alikuwa akikaanga kando ya njia, kisha akarudi. Hakurudi chini ya gari. Alirudi ndani yake, kwa mbele, mahali ambapo magari mengine huweka injini.

Nyota aligeuza mikate, akanyamaza. Mtaani walisema msichana huyo hata akiumwa na siafu huomba ruhusa kabla ya kulia. Kuku alikuwa mali yake ya pekee duniani, na alipotea tangu gari lilipofika. Sasa ilijulikana: alikuwa analalia mayai. Ilibaki tu kumwambia mwenye gari, "Papa, fungua, kuku yangu iko humu." Alijaribu asubuhi nzima. Kila mara aliishia kugeuza mkate mwingine.

Mwenye gari aliitwa Aristide. Alivaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, na viatu vyeupe ambavyo tope la Kisangani, kwa sababu isiyojulikana, liliviheshimu. Gari lake lilikuwa la sport, milango miwili, fupi kiasi kwamba mbuzi walilitazama kwa dharau. Lilifika kwa meli ya mizigo kutoka Kinshasa, likiwa limezeeka kama wanavyozeeka waliowahi kuwa wazuri. Viti vya ngozi vilipasuka. Taa zilikuwa za njano kama macho ya mgonjwa. Kutu ilikuwa inakula milango kutoka chini kwenda juu, polepole, kwa adabu. Rangi tu ndiyo ilikuwa mpya, na ilifanana sana na ile ya mlango wa baa ya jirani.

Aristide aliliegesha daima juu ya mteremko unaoshuka mtoni. Mteja akija, alimkalisha ndani, akaondoa jiwe la gurudumu kwa kisigino, akarukia usukani, na gari lilishuka kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Kulirudisha juu kulifanyika wakati wa mvua, kwa mabega ya vibarua, watu wote wakiwa wamejificha. Wote isipokuwa Nyota, aliyekuwa na mwavuli wa kulinda moto wake.

Siku ile aliyekuja kutazama gari alikuwa tonton Feruzi, ndugu wa marehemu mama yake. Nyota aliishi kwake, chini kabisa ya mteremko huo.

"Hii iko sport, papa," Aristide alisema. "Sport haizeeke. Pick-up inazeeka kwa mugongo, sababu inabeba mihogo. Hii ilibeba nini? Parfum tu."

"Na moteur? Mi sisikie kelele."

"Kelele ni ya watu wa toleka, wale wa kubeba abiria, na kengele ya baiskeli yao. Moteur ya mukubwa inanong'ona."

Feruzi aliitikia kwa kichwa taratibu. "Bon. Pirogue yangu pia iko vile. Inanong'ona."

Aristide alivua miwani. Fundi mmoja ambaye Aristide alimuuzia friji, iliyotiwa ubaridi kwa barafu ya sokoni, alikuwa ameanza kuulizia anakolala. Mtumbwi wa injini kama huo wa Feruzi ungemfikisha Barumbu, mbali chini ya mto, na Barumbu hakuna aliyemfahamu bado.

"Alors, papa, tubadilishane."

Kesho yake Feruzi aliuleta mtumbwi kutoka upande wa juu wa mto. Alikaa wima nyuma, mkono juu ya injini iliyofunikwa turubai la buluu, na mtumbwi ulishuka kwa kasi bila sauti yoyote.

"Eh, papa! Unatoka jasho?" Aristide aliuliza.

"Ni maji ya mto."

Nyota, ambaye ndiye aliyefua turubai lile, aliangalia mawingu. Chini ya turubai kulikuwa na kifuniko cha injini tu, na wavu mkuukuu. Matumbo ya injini tonton aliyauza zamani. Toka alfajiri alikuwa amepiga kasia kandokando ya ukingo kwenda juu, ili mkondo umlete.

"Kati ya watu wa heshima," Feruzi alisema, "mutu hafungue kitu ya mwenzake."

"Jamais! Hata siku moja!" alijibu Aristide, haraka kidogo.

Wakatazamana kwa upendo, kila mmoja akimshukuru Mungu kwa ujinga wa mwenzake.

"Témoin, shahidi yetu, ni nani?" Aristide aliuliza.

"Huyu, mutoto ya dada yangu."

"Anasemaka?"

"Hapana."

"Parfait."

Nyota alifungua mdomo. Akisema, mapatano yatavunjika, na kesho gari litaenda kudanganya mtaa mwingine, na kuku humo ndani. Asiposema, gari litakuja nyumbani lenyewe. Alifunga mdomo. Kwa mara ya kwanza, alinyamaza kwa kupenda.

Aristide aliondoa jiwe, akarukia usukani. Gari likashuka, likaingia uani kwa Feruzi, likasimama pua kwenye ukuta wa jiko. Kisha akapanda mtumbwi, akausukuma kutoka ukingoni kwa kiatu cheupe, akavuta kamba ya injini. Kamba ikatoka yote, na kipande cha wavu. Mto ukamchukua kuelekea Barumbu, amesimama, anapunga mikono na kupiga kelele.

"Anasema nini?" jirani mmoja aliuliza.

"Anasema merci," Feruzi alijibu, akampungia.

Akaingia garini kama waziri. Akageuza ufunguo. Akageuza tena. Akashuka na kufungua mbele.

Kuku alimtazama. Chini ya mabawa yake vifaranga walilia.

 Feruzi aliinama, akatazama nyuma ya kuku, kana kwamba injini ingekuwa imejificha kwa aibu.

"Basi," alisema hatimaye, "kuku pia ni kitu. Nyota, weka maji kwa moto."

"Kuku ni yangu."

Tonton aligeuka kulia, akageuka kushoto, akitafuta aliyesema.

"Ni yangu, tonton. Na mi nilijua. Gari na pirogue, zote mbili hazina moteur."