Shimo Jekundu Bondeni

Jumatatu, 4 Septemba

Habari kubwa! Ofisi ya ardhi imebandika tangazo. Mtaalamu wa udongo anakuja kupima bonde letu lote. Kila mwenye kiwanja achimbe shimo la kuingia mtu na aliache wazi. Penye udongo mwekundu imara, ruhusa ya kujenga. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kulima tu.

Kiwanja changu, nilichoachiwa na mjomba, kipo chini kabisa, kwenye tambarare, kule maji ya mteremko yanakokwenda kupumzika. Cheusi ti. Cha shemeji kipo juu ya changu, mteremkoni. Chekundu ndu.

Shemeji ni kaka wa mke wangu na ni mwalimu mkuu. Tangu tuoane tunakaa katika chumba chake cha nyuma. Dirisha letu linatazama tangi la maji. Mke wangu akitaka kuhamisha kiti, anaomba ruhusa. Akikaanga vitunguu, shemeji anakohoa makusudi kule sebuleni. Mke wangu hataki makubwa katika dunia hii. Anataka jiko lake mwenyewe.

Wakati wa chakula shemeji akasema kiwanja changu kitawafaa sana vyura. Nikajiongezea mboga. Lakini kichwani tayari palikuwa panachemka.

Jumanne, 5 Septemba

Nimefunga kibanda changu cha fotokopi, nimechimba kutwa. Mfinyanzi mkavu si udongo, ni chuma! Mpini wa jembe umevunjika. Mpini wa pili, wa shemeji, nao umevunjika. Umeingia kwenye ufa na kukatikia humo. Nyufa zenyewe zinameza mkono hadi kwenye bega. Nimedondosha kalamu yangu nzuri katika mmoja. Sikusikia hata ilipofika.

Hatimaye shimo limepatikana. Kuta zake nyeusi kutoka juu hadi chini, hakuna hata mstari. Mtu yeyote mwenye macho atajua.

Basi asiwe na cha kuona. Nimepata mpango. Ni mzuri kiasi kwamba nimelazimika kukaa chini.

Jumatano, 6 Septemba

Shemeji alipoondoka tu kwenda shuleni, nikachukua toroli. Nyuma ya rundo lake la matofali, pale mteremko unapoanza, kuna majani marefu. Chini ya majani, udongo mwekundu laini kama unga. Shemeji ana shamba zima la udongo huo. Toroli kadhaa hatazihisi.

Zikawa nyingi kuliko kadhaa. Kuta zinakula udongo! Nikachimba hadi shimo likanifika kiunoni. Upande wa juu wa shimo nikakuta kijiwe cha zege chenye namba, kimekaa kinanizuia. Nikaking'oa. Kikanifaa sana kuzuia gurudumu la toroli lisiteremke bila mimi.

Kisha nikachanganya udongo na maji, nikasiriba kuta zote za shimo langu la chini kwa viganja. Kazi safi. Fundi yeyote angenivulia kofia. Bonde lote jeusi, na katikati yake shimo moja jekundu linang'aa. Nililitazama mpaka machozi yakanilenga.

Mke wangu aliuliza kwa nini nguo zangu ni nyekundu. Nikamwambia ni wino wa mashine ya kopi. Akazinusa, kisha akaziloweka.

Alhamisi, 7 Septemba

Mtaalamu amefika. Mama mwenye viatu vizito, kisu kiunoni, chupa ya maji, na kijitabu chenye vipande vya rangi kama cha duka la rangi za nyumba. Tumeshaanza kumwita Bi Kisu. Shemeji aliomba ruhusa shuleni, akaja kushuhudia aibu yangu. Mke wangu naye alikuja. Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kuomba kitu.

Bi Kisu akasimama ukingoni. Akatazama mteremko juu. Akatazama tambarare chini. Akatazama tena juu. Akauliza udongo mwekundu umefikaje hapa na kuruka viwanja vyote vya majirani. Nikasema labda uliteremka wenyewe. Akasema huwa unateremka kweli, lakini huchukua miaka mingi na haurukiruki.

Akaingia shimoni. Hakutumia hata kisu. Lipu yangu ilikuwa imekauka usiku, na kipande kikubwa kama mlango kikabanduka chenyewe na kuangukia viatu vyake. Nyuma yake, weusi mtupu.

Shemeji alicheka hadi akashika mti. Mke wangu hakucheka. Aliinamisha uso na kuanza kukunja ncha ya mtandio wake. Hapo ndipo niliposikia aibu yenyewe.

Lakini Bi Kisu! Alipiga magoti mbele ya ule weusi kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Akaninyooshea bonge na kunionyesha upande mmoja unaong'aa, laini, kama uliopigwa msasa. Akasema huo ni udongo uliosuguana na udongo mwenzake. Kiangazi unasinyaa na kupasuka. Chembe za juu zinadondoka ndani ya nyufa. Mvua ikija unavimba, hauna pa kwenda, unajisukuma, unapanda. Mwaka baada ya mwaka wa juu unakwenda chini na wa chini unakuja juu. Ndiyo maana hauna matabaka. Unajilima wenyewe!

Shemeji, ili aonekane amesoma, akasema kwa hiyo unaitwa udongo mweusi. Bi Kisu akatikisa kichwa. Rangi ni nguo tu, alisema. Kuna wa aina hii wenye rangi ya kijivu, na kuna udongo mweusi usio wa ukoo huu kabisa. Wanaopanga udongo kwa koo hutazama wingi wa mfinyanzi, nyufa na nyuso zinazong'aa. Ukoo wake duniani unaitwa vetisoli, yaani udongo unaojigeuza. Nao hupenda kukaa mahali kama hapa, bondeni, ambako maji na madini ya mteremko huishia. Akadondosha dawa yake ya kupimia kwenye bonge, likatoa povu. Chokaa hiyo, akasema. Shibe ya mimea.

Miaka yote hii nimemiliki kitu kama hicho na nilikuwa nakionea haya! Sijawahi kuheshimu kitu kiasi hiki.

Nyumba je, mke wangu akauliza kwa sauti ndogo. Bi Kisu akajibu kwa upole kwamba nyumba juu ya udongo huu hucheza. Atarudi kesho na ramani. Akanipa makombo makavu, niyatie kwenye glasi, nimimine maji, nione mwenyewe.

Ijumaa, 8 Septemba

Glasi imepasuka! Niliishindilia makombo, nikamimina maji, asubuhi imefunguka ubavu kutoka juu hadi chini. Nguvu iliyoje! Bahati mbaya ilikuwa ya seti ya shemeji. Nimezipanga upya zilizobaki ili pengo lisionekane.

Bi Kisu alikuja na ramani. Akapima, akapanda mteremko, akashuka, akapanda tena. Kisha akatangaza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mpaka wangu haukomi kwenye mtaro ulio chini ya matofali ya shemeji, kama tulivyodhani sote. Unapanda hadi mwanzo wa mteremko, na kona ile ya juu ni nyekundu, imara, inafaa kujenga.

Mke wangu alikamata mkono wangu. Shemeji akasema haiwezekani, matofali yake yamekaa pale siku zote. Akataka aonyeshwe jiwe la mpaka. Bi Kisu akasema lipo, lina namba, linapaswa kuwa hapa kwenye majani. Akayafungua majani.

Shimo. La kufika kiunoni. Pana kama chumba.

Kila mtu akatazama shimo. Mimi nikatazama mawingu. Ni mke wangu aliyeliona jiwe, chini ya gurudumu la toroli.

Ilinibidi kuchagua: nikae kimya, au niseme jiwe lilitoka wapi na mwenye toroli ni nani. Nikamwangalia mke wangu. Nikasema. Lilikuwa kwenye ukingo wa juu. Maana yake shimo lote limo ndani ya kiwanja chetu.

"Kwa hiyo shemeji," akasema mwalimu mkuu, "ulikuwa unaniibia udongo."

"Wangu mwenyewe."

"Lakini hukujua."

Bi Kisu akaandika namba ya jiwe, akaona ni ileile ya kwenye ramani, akafunga kitabu. Ruhusa tutapata. Akaniasa jambo moja: shimo hili nilijaze udongo wake uleule mwekundu, nishindilie tabaka kwa tabaka, ndipo nyumba isimame. Mweusi usikanyage hapa. Nikamwahidi. Ni mama wa ajabu. Nilitamani awe dada yangu.

Jumamosi, 9 Septemba

Mke wangu amepigilia vijiti. Huku chumba, huku sebule, na juu kabisa ya shimo, jiko. Akasimama ndani ya vile vijiti, akanyoosha mkono kama mtu anayegeuza kitu kwenye sufuria.

"Baba watoto, hapa nitakaanga vitunguu mpaka nichoke mwenyewe."

Sijamwona akicheka hivyo tangu harusi yetu. Nilijikuta nageuka upande kujifanya naangalia toroli.

Sasa udongo. Ule wangu mwekundu niliosiriba nao bondeni umeshachanganyika na mweusi, haufai. Nilimwendea shemeji kwa adabu zote, nikaomba toroli chache za kwake. Akasema anazo nyingi sana, na zitabaki hivyo. Akauliza pia kuhusu glasi.

Jumapili, 10 Septemba

Fundi anaanza msingi kesho. Mke wangu ameenda kwa mama yake kumpa habari. Shimo liko wazi. Mwekundu hakuna.

Nikakaa ukingoni, nikatazama bonde langu. Udongo ule! Wenye nguvu ya kupasua glasi, wenye shibe, unaojilima wenyewe, umejaa hadi macho yanapoishia. Na mimi natafuta cha kujazia shimo! Najua Bi Kisu alikataza. Lakini alipiga magoti mbele yake, na mtu hapigii magoti kitu dhaifu.

Nimejaza kutwa, toroli baada ya toroli, makombo makavu yaliyokauka vizuri. Nimeshindilia kwa nguvu zangu zote, kama ile glasi. Juu yake nimetandaza wekundu kidogo nilioufagia kwenye matofali ya shemeji. Huwezi kujua. Nimesimama pale ambapo jiko litakuwa, nikarukaruka. Hapakutikisika hata kidogo.

Mke wangu amerudi jioni, akakanyagakanyaga, akasema mume wake ni mtu wa kazi. Nimesikia raha ambayo siwezi kuiandika.

Wingu zito limejikusanya juu ya mteremko. Heri. Maji kidogo yatausaidia udongo kukaa vizuri.