Ombi la Kurudishiwa Mguu Unaochelewa

Kwa Bwana Msimamizi wa Jengo,
Ofisi iliyo chini ya ngazi.

Kuhusu: Mguu ulioondolewa katika darasa la baleti la watu wazima, Alhamisi, saa kumi na moja jioni

Bwana Msimamizi,

Natumai hujambo, na kwamba paa, ngazi na kufuli la mlango mkubwa navyo havijambo. Mimi ni yule fundi saa wa chumba namba tatu, chini kabisa ya ukumbi. Utanikumbuka kwa barua yangu ya miezi miwili iliyopita, ambayo leo, kwa heshima zote, nakuja kuilalamikia.

Katika barua ile nilieleza kwamba kila Alhamisi watu wazima kumi na wawili, ambao kwa umri wao hakuna ambaye angewalaumu wakikaa, hupanda ukumbini kujifunza baleti. Nilieleza kwamba wakiruka, dari yangu hudondosha vumbi, na skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi huhama mezani bila ruhusa yangu. Nilisema hayo nayavumilia, maana hutua kwa pamoja, na mimi ni mtu wa kupenda mambo yaende pamoja. Kilichonishinda ni mguu mmoja. Wote wakishatua, panapita kitambo cha kuvuta pumzi, halafu huo unatua peke yake, du, mzito, kama mtu anayeshuka kwenye lori. Niliomba mwenye mguu arekebishwe, apunguze mwili, au ahamishiwe mazoezi ya kuketi. Nakala niliibandika kwenye ubao wa matangazo, na jina langu chini, kama nifanyavyo na malalamiko yangu yote, ili haki ionekane.

Ulikuja mwenyewe siku ile ile, barua mkononi. Ukaniuliza, "Fundi, una uhakika ni mguu mmoja tu?" Nikakujibu, "Mmoja, Bwana Msimamizi, na ningeutambua popote." Ukaikunja barua mara nne, ukaitia mfukoni, ukasema, "Basi, hili nitalishughulikia mwenyewe." Alhamisi iliyofuata mguu haukuwepo. Haujarudi mpaka leo.

Naomba urudi. Sababu zangu ni hizi:

1. Kazi yangu imeharibika. Pengine hujui jinsi saa inavyotengenezwa chini ya watu wanaoruka. Nilikuwa nashika skrubu kwa kibano, nainua mkono, nasubiri. Wanaruka. Wanatua. Siishushi bado. Nasubiri mguu unaochelewa, na ukishatua ndipo najua kwamba tetemeko limekwisha, na naweza kuweka kitu mahali pake. Kwa mwaka mzima ule mguu ndio ulionipa ruhusa. Sasa wanatua, na mimi nangoja. Wanaruka tena, nangoja. Alhamisi iliyopita nilikaa na gurudumu la saa ya mwalimu wa udereva hewani mpaka darasa likaisha, na yeye mwenyewe amesimama mbele yangu, ananitazama. Akaniuliza kama nasali.

2. Darasa lenyewe limepoa. Dari ni nyembamba, Bwana Msimamizi, jambo nililokuandikia mara tano, kwa hiyo nasikia yote. Zamani mwalimu wao alikuwa anahesabu moja, mbili, tatu, kisha mguu wetu unafika, naye anasema, "Haya, sasa tumefika sote," na ukumbi mzima unacheka. Mimi huku chini nilikuwa nanuna, lakini nakiri kwamba nilikuwa nanuna kwa raha. Siku hizi hakuna anayecheka. Wanaruka na kutua sawasawa, na wiki mbili zilizopita mwalimu aliwaacha waende robo saa kabla ya wakati. Sina ugomvi na usahihi, ndio unaonilisha. Lakini wale ni watu waliotoka kazini na magoti yao yanawauma, na nilishazoea kuwasikia wakifurahi.

3. Hapa naomba ukae kwanza, kama umesimama. Nina mke. Ni mkunga, ana miaka hamsini na mmoja, na tumeoana miaka ishirini na sita. Tangu mwaka jana, kila Alhamisi alikuwa akiniaga kwamba jioni anakwenda kwa dada yake. Akirudi anakuwa amechangamka, uso unang'aa, anaimba jikoni. Mimi nauliza, "Dada yako hajambo?" Naye anajibu, "Hajambo, anakusalimu." Miezi miwili sasa haendi popote. Alhamisi ikifika anapiga pasi. Anapiga pasi hata mataulo.

Jumapili iliyopita shemeji mwenyewe akaja, akasimama mlangoni na mikono kiunoni. "Shemeji, mmenisusa? Mdogo wangu sijamtia machoni tangu mwaka jana." Yaani salamu zote zile nilizopokea mwaka mzima, na kuzirudisha kwa adabu, hazikuwa na mwenyewe.

Sikupekua, Bwana Msimamizi, mimi si mtu wa kupekua. Nilikuwa natafuta mkasi kwenye droo ya cherehani. Nikakuta viatu viwili vya ngozi laini, vyepesi, soli zimelika mahali pa vidole, na ukanda wa lastiki umeshonwa kwa ile mishono midogo midogo ambayo mke wangu huwashonea wazazi wodini. Mlango wangu unatazama barabarani na wachezaji hupandia ngazi ya nyuma, na nikishaweka kioo jichoni hata ndovu apite simwoni. Basi nikapiga hesabu. Mke wangu alikuwa anacheza baleti juu ya kichwa changu. Mke wangu aliacha wiki ile ile mguu ulipotoweka. Wiki ile ile mimi nilibandika barua ubaoni.

Nilikaa chini palepale kando ya cherehani. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mtoto.

4. Mke wangu hajanigombeza. Lalamiko hili ni zito kuliko yaliyotangulia. Aliisoma barua, maana ubao uko chini ya ngazi ya nyuma na jina langu nimeliandika kwa herufi kubwa. Alisoma "apunguze mwili". Kisha akaja nyumbani akanipikia, akaniuliza kama mgongo wangu umepoa, akanifulia shati. Kwa miezi miwili nimekuwa nikitunzwa vizuri na mtu niliyemwambia, mbele ya jengo zima, akafanye mazoezi ya kuketi. Hali hii haivumiliki kwa mpangaji yeyote.

5. Kwa kuwa nimetafuta wa kulaumiwa na kila njia inaishia kwangu, nimeona ni haki nikulaumu wewe. Bomba la maji la chumba changu linavuja mwezi wa kumi na nne sasa. Nimekuandikia barua sita, na zote umezipoteza kwa uangalifu mkubwa. Inayofuata inahusu mguu wa mtu, na hiyo unaifanyia kazi siku ile ile. Ni lini, Bwana Msimamizi, ulianza kusoma barua zangu? Ungeipoteza na ile, kama kawaida yako, leo mke wangu angekuwa anaimba jikoni.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, barua yangu ya zamani itolewe kwenye faili na ichanwe mbele yangu. Pili, mguu urudi Alhamisi hii, bila masharti, na uruhusiwe kuchelewa kwa kadiri upendavyo. Tatu, mwenye mguu asijue kamwe kwamba nimejua. Tafuta namna. Sema ni agizo la ofisi.

Nakuomba pia, ukimwona, umwambie maneno haya kana kwamba ni yako. Mwambie kwamba ni mguu mzuri. Mwambie una uzito wa mtu anayekanyaga kwa moyo wake wote, haufichi, haujifanyi mguu wa msichana wa miaka kumi na sita. Unachelewa kwa sababu umekwenda juu zaidi ya wengine, hilo mimi nimelichunguza. Mwambie kuna mtu amekuwa akiusikiliza mwaka mzima, na kwamba Alhamisi bila huo ni siku ndefu. Niseme ukweli wangu: huo mguu naupenda. Ningeujua ni wa nani mapema, ningeupenda tangu siku ya kwanza.

Nisalimie mwalimu wa baleti, nisalimie mlinzi wa lango, na mama wa usafi ambaye vumbi la dari yangu ndilo linalomtia taabuni. Wasalimie pia wale wacheza densi wote, mmoja mmoja, magoti yao yakiwemo.

Nabaki mpangaji wako, mtulivu siku sita za wiki,

Fundi Saa
Chumba namba tatu

Nyongeza: Barua ilikuwa imekwisha, nikakosa gundi ya bahasha. Gundi huwa kwenye droo ya cherehani. Mke wangu akaniona nahangaika pale, akauliza ni barua gani inayonitoa jasho, na kabla sijapata uongo wa maana alikuwa ameshaichukua.

Aliisoma kwa kusimama. Alisimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuegemeza kwenye goti, na nikagundua kwamba amekuwa akisimama hivyo jikoni muda mrefu nami nikidhani anajikuna. Alipofika pale niliposema naupenda huo mguu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba nanihii," akasema, "huo mguu si wangu. Huo ni wa Bwana Msimamizi."

Sasa ni mimi niliyekaa. Anasema ulianza pamoja naye, mstari wa nyuma, na kwamba darasa zima hakuna aliyekuwa na furaha kama yako. Anasema siku ile aliyoiona barua ubaoni alikukuta umesimama mbele yake unaisoma, kisha ukageuka ukaenda zako. Yeye akaacha kwa sababu hakujua atakutazamaje usoni, na aliyeandika ni mumewe. Kuhusu kunificha, anasema tangu utotoni alitaka kucheza hivyo, na wakati ule wote waliomsikia walimcheka. Hakutaka na mimi niongeze kicheko changu. Na ukweli ni kwamba ningecheka.

Kwa hiyo, Bwana Msimamizi, futa namba tatu, nne na tano. Yale niliyosema kuhusu mguu wako ni kweli, ingawa nisingeyasema hivyo kama ningejua, na naomba yabaki kati yetu. Namba moja na mbili ninazishikilia. Rudi. Mke wangu anasema atakungoja kwenye ngazi ya nyuma Alhamisi, saa kumi na dakika arobaini na tano, na kwamba usipokuja naye hapandi. Bomba linaweza kusubiri.

Nilimwuliza jambo moja la mwisho. Kama mguu wa kuchelewa ni wako, wa kwake ulikuwa wapi mwaka mzima, mbona sikuusikia hata mara moja, mimi ninayesikia yote? Akasema, "Nilikuwa juu ya meza yako kabisa, nimeshika ile fimbo ya ukutani tunayojishikiza." Kisha akasogeza kiti, akafungua kikopo cha skrubu nilichokuja nacho nyumbani, akakiweka sakafuni karibu yake, akaruka mara tatu. Hakuna hata skrubu moja iliyosogea. Ni mtu aliyetembea wodini miaka ishirini bila kumwamsha mtoto.

Alhamisi nitaweka kibano chini na nitasikiliza. Wako nitausikia. Wa kwake, nimemwomba akanyage kwa nguvu kidogo kwa ajili yangu, na amekataa.