Mousse ya Daraja ya Kasha: Majibu ya Laboratoire

Excellence mwenyewe, ni kusema mimi. Madame Excellence, bibi yangu. Bapadri wenye walikataa kuja. Bapapa na bamaman wa Kasha, na nyinyi wa ngambo ya muto wenye suruali imelowana mupaka mu magoti: bonjour! (Mbuzi moja tu anaitika.)

Mulisema Mukubwa wa Madaraja analala. Kweli nilikuwa nalala, lakini nilikuwa nalala kisayansi! Sababu culée, ile ukuta yenye inabeba kichwa ya daraja, udongo inaisukuma kwa nyuma mupaka inapasuka; njo service yangu, mu mupango yenye tunaita stratégie intégrée, ikaamua kutia mousse, ile sponji laini, katikati, ikunywe ile nguvu, na mousse huwezi kuiamini bila essai, ile jaribio ya laboratoire. Nani iko na kilo mingi mu province? Mimi! Nikalala juu yake na kilo mia moja makumi tatu na mbili, miezi kumi na ine, masaa munane kila siku, dimanche, siku ya Mungu, masaa kumi na mbili, na mousse ilishuka sita kwa mia tu! Bazungu waliomba siri, nikawaambia mupange mustari. (Vicheko. Maman Bintu anasimama: "Papa Excellence, mutoto wangu Elodie huyu hapa, uchungu ya kuzaa imemushika, maternité ya kuzalia iko ngambo, na maji inapanda. Tupite wapi?")

Maman Bintu, swali yako ni ya maana sana, tutaiweka mu rapport. Kwanza Glody alete échantillon, kipande ya ile mousse, watu waone! (Glody, shofere wake, anashusha matelas, godoro ya kitanda ya maua, shuka ingali juu.) Mushikeshike, munaona vile inarudi... Eh! Nyinyi bavijana, munaipeleka wapi? Ile ni laboratoire! (Bavijana ine wamelalisha Elodie juu ya matelas, wameibeba mu mabega, wanaingia mu maji mupaka kifua. Maman Bintu iko mbele, anapima kwa fimbo: "Dany, pole pole! Gentil, inua upande yako!") Madame usilie, leo tutalala chini. (Vigelegele ngambo. Elodie amefika.)

Bajournalistes, muandike: essai imepita, mia kwa mia! Mousse oyé! (Watu wanaangalia ngambo.) Utafiti oyé! (Mbuzi anaitika.)

Asanteni sana kwa kuja kufungua hii daraja yenye hatujaichora hata mu karatasi. Mutoto akizaliwa, mumupe jina yangu. Na wenye munarudi ngambo, muvue viatu.