Mkaaji wa Kudumu

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka kabla ya saa ya mezani kulia. Leo ndiyo leo! Nyumba yetu ya mapumziko, ile ya ng'ambo ya mpaka, inakatiwa bima. Vyumba viwili, jiko, baraza inayotazama ziwa. Tuliinunua mwezi uliopita na mke wangu ameapa hatalala mle hata siku moja kabla ya bima. Anasema bati lile na upepo wa ziwani havijazoeana. Sawa. Miaka kumi na tisa niko masjala. Fomu haijawahi kunishinda.

Saa mbili kamili niko kwa wakala wa bima. Dada mpole, kalamu nne zimepangwa mezani kama gwaride. Kurasa sita. Nimeteleza nazo vizuri mpaka ya tano, nikagonga mwamba. Nyumba inayokaa bila mtu zaidi ya siku thelathini mfululizo haikatiwi bima. Nikamweleza kwamba nyumba ya mapumziko kazi yake ndiyo hiyo, kukaa kimya ikisubiri wenyewe wachoke. Akasema yeye ananielewa. Kampuni ndiyo haielewi.

Nikarudi na fomu kwapani. Nikamkuta kaka wa mke wangu sebuleni, anakunywa chai yangu. Tunamwita Meneja, ingawa hakuna anachokisimamia. Akasema ningemuuliza yeye kwanza. Kila mara ningemuuliza yeye kwanza!

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu, nikajikata kidevu kwa furaha. Mama mkwe!

Alikuja kwetu Julai kwa wiki mbili. Yupo. Simsemi vibaya, ni mama yangu pia, lakini alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na ustaafu haujamfikia rohoni. Taulo zangu amezipa namba. Basi nikaandika: "Mkaaji wa kudumu: yupo. Hatoki." Kwenye sehemu ya ulinzi kalamu ikanoga zaidi. Kengele ya hatari: ipo. Mbwa mkali: yupo. Na si uongo mtupu. Mwenye nyumba wa zamani aliacha kengele ya baiskeli, na mbwa nilimwona kwa macho yangu akikatiza uwanjani.

Mke wangu akauliza kama mama yake anajua. Nikamwambia hahusiki, yumo kwenye karatasi tu. Akanitazama, akaendelea kukunja mashuka.

Ijumaa, 7 Machi

Wakala kapiga simu. Fomu yangu imewapendeza mno. Imewapendeza hata wanamtuma mkaguzi akaione nyumba Jumatatu saa nne na azungumze na mkaaji wa kudumu.

Nikakaza roho. Nikamwendea mama mkwe kwa upole, nikaanzia mbali: hewa ya ziwa inafaa magoti, siku nne tu zingemtosha. Kisha nikafika penyewe. Mkaguzi akija, aseme anaishi pale, kengele inalia, mbwa anauma.

Akavua miwani. "Mwanangu, kwenda nitakwenda. Kudanganya, hapana. Nimelea mabinti mia tatu nikiwakataza hilohilo."

Nimechukua nusu ya kwanza ya jibu. Nusu nzuri sana! Meneja amejitolea kumsindikiza. Wanapanda basi kesho alfajiri.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini sijafanya kitu. Nimefungua jalada moja mara tano na bado sijui linahusu nini.

Saa tano Meneja akapiga simu. Alikuwa na furaha isiyofichika. Mkaguzi alifika. Mama mkwe akamvulisha viatu mlangoni, akamketisha, akamweleza yote. Bati linavuja juu ya kitanda. Kengele ni ya baiskeli, akaipiga asikie mwenyewe. Mbwa ana wenyewe, jirani wa tatu. Na yeye kafika juzi, kaletwa na mkwe wake.

Nikakaa chini. Wenzangu wakadhani nimefiwa.

Jioni nikamweleza mke wangu kila kitu. Nilitegemea kelele. Akasema taratibu kwamba hakuwa anataka makubwa, alitaka asubuhi moja tu akae mahali asiulizwe mfuniko wa sufuria uko wapi. Hilo limenichoma. Nimeosha vyombo vyote, hata visafi.

Alhamisi, 13 Machi

Imekubaliwa! Imekubaliwa! Nimeruka masjala mpaka bosi akauliza kama kuna moto.

Wakala ananiambia mkaguzi hajawahi kukutana na mkaaji mkweli kiasi kile. Alipomuuliza kama angekubali kubaki, mama mkwe akasema anabaki. Alishamwita fundi azibe bati, kitasa kipya kikawekwa papo hapo mkaguzi akitazama. Upepo, moto, wizi, vyote vimo. Nikatia saini. Nikamkumbatia mke wangu jikoni, tukazunguka meza.

Masharti nimeyasoma baada ya saini. Bima ni hai maadamu mama mkwe, kwa jina lake, anaishi mle. Akihama, imekufa.

Nikampigia. Mzima wa afya! Magoti yanatembea, kapanda mchicha, kachukua chumba cha upande wa ziwa. Akasema tunakaribishwa sana, ila tuombe nafasi mapema, maana wiki zote za mwezi ujao kampa Meneja. Sisi katupatia siku mbili za Mei, chumba cha nyuma. Taa zinazimwa saa tatu.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapanga upya kabati lote la jikoni, kama lilivyokuwa kabla mama yake hajaja, akiimba.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata dawa! Sijui kwa nini sikuiona mapema.

Mke wangu ana shangazi. Yeye na mama mkwe ni mawifi ambao hawajasemezana tangu harusi yetu, walipogombania kiti cha mbele. Shangazi akienda kukaa kule, wiki haiishi mama mkwe atafunga virago. Baada ya hapo Shangazi naye atachoka, maana hapendi maji, na baraza itabaki yetu wawili!

Wakala nimeshamwandikia barua nzuri, mwandiko wa masjala. Nimemjulisha kwamba mkaaji wa kudumu atabadilika, na kwamba anayekuja ni mlinzi mstaafu mwenye uzoefu. Aliwahi kushika geti la shule asubuhi moja, mlinzi alipoumwa jino.

Barua nimeiposti. Tiketi ya basi nimekata. Bado kumwambia Shangazi.