Mkojo wa Kiwango

Ofisi yetu ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba sasa tunaweza kumjua mtumia dawa za kulevya na za kulewesha kwa mkojo wake, bila kumsumbua kwa maswali. Tumenunua elektrodi. Ni kijiti cha kaboni kilichopakwa utando wenye chembe za dhahabu. Kinachovywa kwenye mkojo, na dawa ikiwemo, mstari kwenye skrini hupanda kama mlima. Mkurugenzi ameagiza: atakayekutwa na dawa anakwenda nyumbani siku hiyohiyo, awe nani.

Fundi wa maabara alieleza kwamba mashine lazima kwanza ionjeshwe mkojo safi, ndio uwe kiwango, ili mingine yote ilinganishwe nao.

"Mkojo wa nani?" aliuliza Mkurugenzi.

Mimi, Katibu wa Kamati, nilishauri kwamba usafi hufuata cheo. Hoja ikapita kwa makofi. Mkurugenzi aliporudi kutoka msalani ameshika kichupa kwa mikono miwili, tulisimama.

Tulianza na Shangazi, mpika chai wetu, ambaye mshahara wake ndio unaomweka mjukuu shuleni. Mstari haukupanda. Ulizama, ukachimba shimo.

"Shimo la nini hilo, mwanangu?" alimuuliza fundi.

"Sijawahi kuliona, Shangazi."

Dereva naye shimo. Mlinzi shimo. Mimi shimo, tena refu. Kamati ikaamua kwamba shimo ni baya kuliko mlima, kwa sababu linajificha. Shimo la Katibu likaahirishwa. Shangazi akaambiwa avue aproni.

"Navua," alisema, "ila niambieni, nimekutwa na nini?"

Fundi akakohoa. "Hujakutwa na kitu. Umepungukiwa. Kuna kitu kimo kwenye kiwango, nyie wengine wote hamna."

"Kitu gani?"

"Dawa ya usingizi. Nyingi."

Tuligeuka kumtazama Mkurugenzi. Kama ilivyo kawaida yake vikaoni, alikuwa amefumba macho akitafakari, mdomo wazi.

"Yaani mimi nifukuzwe kwa kukosa usingizi wa bosi?" Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Dereva akateleza kitini.

Kamati haiwezi kusema kiwango kimekosea. Kiwango ni kiwango. Lakini agizo nalo ni agizo. Kwa kauli moja tukapitisha kwamba kiwango kiende nyumbani leo hii. Mlinzi alikishika mabega, dereva miguu, wakakitoa taratibu, kisije kikaamka, na Shangazi akawashikia mlango.