Kofia ya Bwana Korbinian

Korbinian Stadlhuber aliliona windo lake lingali mlangoni: mzee mnene wa kaptula mpya ya ngozi, tumbo mbele, na kiunoni mkufu wa fedha uliotundikwa meno ya kulungu na sarafu za kale. Mali ya mababu, hiyo. Nyuma yake mke, na kikapu chake cha kufuma.

Kitendawili: hana bunduki, hana mbwa, msitu haujui, na kila siku harudi mikono mitupu. Mnashindwa? Nipeni mji. Ni Korbinian huyo. Silaha yake ilikuwa kofia ya kijani yenye shungi la manyoya ya mbuzi wa milimani, shungi nene kama brashi ya kunyolea ya jitu. Akiivaa, Wabavaria walimwita bwana. Akiivua, hata mbwa hawakumbwekea.

Nyumba ya kuwindia ya wafalme wa zamani, katikati ya bustani ya kasri, sasa ya watalii wenye tiketi, ndiyo ilikuwa duka lake. Akamkuta mzee chumba cha vioo, anajitazama.

"Umekaa kimwindaji, bwana," Korbinian akasema.

Mzee akavimba. Jina lake Zirngibl, mtengeneza mabafu, na uwindaji wake wote ulikuwa wa kumpiga nzi. "Watu husema hivyo," akadanganya.

"Basi mbona hujaingia chamani? Chama cha wawindaji wa mfalme. Hatutangazi. Hatuchukui kila mtu."

"Mimi si kila mtu."

"Nimeona. Hatutaki hata senti yako. Ni mkufu tu, ulale chumba cha mbwa wa mfalme, chini ya picha ya Mtakatifu Hubertus, mlinzi wa wawindaji. Kesho unauvaa umebarikiwa, nawe umekuwa mwenzetu."

Mzee tayari alikuwa anahangaika na kifungo cha mkufu. Tamaa ina vidole vyepesi.

"Na hilo shungi," mke akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye soksi anayofuma, "mbuzi wake ulimpata wapi?"

Korbinian hakuwa amemtia hesabuni. Akamhurumia, akamsimulia. "Milimani, mama. Nilimpiga alfajiri, akakimbia. Nikafuata matone ya damu mpaka korongoni."

Sindano zikasimama. "Matone ya nini?"

"Ya damu. Usiogope, mama, ndiyo kazi yetu."

"Rudia, nisikie vizuri."

"Damu, mama. Tele."

"Notburga, usimchoshe bwana," Zirngibl akanong'ona.

"Nyamaza wewe." Akamgeukia Korbinian. "Mwindaji wa huku hasemi damu. Kwake mnyama hutokwa na jasho. Macho yake ni taa, na masikio ya sungura ni vijiko. Baba yangu alikuwa jangili, mwizi wa kulungu wa watu, na hata yeye hakuwahi kulitamka neno damu kwa mnyama."

"Ulimi umeteleza, mama."

"Mara tatu? Na mwindaji akikosea neno anatozwa faini na wenzake. Au hicho chama chenu hakitozi?"

"Tunatoza, bila shaka," Korbinian akasema, akitabasamu kwa shida. "Bia ya wote."

"Mimi sinywi. Lete kofia."

"Mama, hii kofia..."

"Au nimwite askari wa bustani, umweleze naye habari za chama?"

Askari alikuwa mlango wa pili, anakata tiketi. Korbinian akaivua. Upara wake ukang'aa katika vioo vyote, upara juu ya upara.

Notburga akaitumbukiza kikapuni. Mumewe, mkufu bado mkononi, akamsogelea Korbinian taratibu.

"Sasa bwana, mkutano wa chama ni lini?"

Mkewe akamshika kijiko chake cha kushoto, akamvuta hadi nje.

Korbinian hakukata tamaa. Alifuta jasho, akakitoa kifua, akamfuata mama mmoja mwenye hereni za dhahabu, akaanza kwa sauti ileile ya asali: "Umekaa kimwindaji, mama."

Yule mama akamtazama kuanzia viatu mpaka upara.

"Afadhali umekuja," akasema. "Vyoo viko wapi?"

Korbinian akamwonyesha.