Kijumba cha Zege cha Waifai

Jumanne, tarehe 4
Mke wangu amekufa. Tulimzika Ijumaa. Dada yake kabaki, analala chumbani kwetu. Mimi nimehamia banda la nyuma, na toroli na sepetu. Sawa tu.
Shida ni binti. Yuko masomoni mbali, mazishi hakuwahi. Kasema Jumapili atapiga video, anione uso. Zamani simu alishika mama yake, mimi nilipita tu nyuma. Sebuleni siwezi. Nikilia, shemeji ataniona. Na waifai haifiki bandani. Hata mstari mmoja!

Jumatano, tarehe 5
Nimehamishia kisanduku cha waifai dirishani jikoni. Nyuma yake nikaegesha sufuria kubwa, iisukume waifai nje. Nikaenda bandani. Patupu! Kurudi, kisanduku kimerudishwa sebuleni, sufuria iko motoni. Shemeji kauliza tangu lini watu wanachemsha intaneti. Eti dada yake alivumilia mengi.

Alhamisi, tarehe 6
Fundi simu kaniuzia kidude cha kupokea waifai na kuirusha mbele. Kasema nikiweke juu, mahali pa wazi. Nimekifunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Bandani mistari mitatu! Nimeshtuka mwenyewe. Nimecheka peke yangu kama mwehu.
Shemeji kasema mvua ikinyesha nitakoma.

Ijumaa, tarehe 7
Wingu zito. Kidude hakiwezi kukaa uchi. Na mimi nimemwaga zege maisha yangu yote! Nimekishusha chini ya nguzo, nimekijengea kijumba. Nondo nne, wavu wa chuma, zege pande zote, bati juu, plasta laini. Nimeacha tundu la waya tu. Tembo akiegemea, ataumia yeye.
Jirani kachungulia. Kauliza kama tumezika mwingine. Mshenzi.

Jumamosi, tarehe 8
Sifuri! Nimepigwa butwaa. Kilipokuwa uchi kilifanya kazi. Kimevishwa, kimegoma. Nachungulia kwenye tundu, taa inawaka mle ndani, inaniangalia.
Fundi simu kaja. Kaona kijumba, kakaa chini. Kasema waifai haipenyi zege na chuma. Nimemwambia mbona ukuta wa nyumba inapita. Kasema ule ni tofali, baba, hii ni ngome. Nimeshika nyundo. Mpini umevunjika! Kazi yangu mwenyewe imenishinda.

Jumapili, tarehe 9
Saa ya binti kupiga imefika. Bandani simu haipati kitu. Nimetoka mbio, nimechuchumaa nje chini ya dirisha la sebule. Simu ikaita, picha ikaja. Uso wa mama yake kabisa! Kauliza: baba, umekula? Sauti ileile. Nimelia kama mtoto. Na yeye kalia.
Dirisha likafunguka juu ya kichwa changu. Mkono wa shemeji, na taulo. Kasema niingie ndani, hata yeye humo analia, tena nakanyaga maua aliyopanda dada yake. Nikasema naja. Sikwenda.
Nimekaa bandani nimefikiri. Kosa nimeliona. Kijumba ni kifupi! Kikipanda juu ya paa, waifai itashuka yenyewe. Binti atapiga tena Jumapili. Kidude kingine nitanunua, na zamu hii naweka nondo nane.
Saruji iko kazini. Kesho narudi kazini.